Viatu Ulivyomtumia Mama

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya salamu, nisamehe. Barua yako ina wiki tisa chini ya mto wangu, na kila nikishika kalamu mtoto analia au mimi nasinzia nimekaa. Huko hamjambo? Shemeji kifua kimetulia? Sisi ni wazima wa kuchoka. Mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila kitu isipokuwa chakula.

Uliuliza mguu wa mama. Kidonda bado kipo, chini ya kidole gumba. Kila siku ya tatu namfunga mtoto mgongoni, namshika mama mkono, tunakwenda kliniki polepole kama maharusi. Daktari alishatuambia kisipofunga, kidole kitakatwa.

Nilimuuliza muuguzi kwa nini mtoto akijikwaruza anapona kwa siku tatu, na mama miezi mitatu haponi. Alisema ni kisukari. Ndani ya ngozi mna nyuzi ndogo mno za protini, zimefumwa ili ngozi ivutike na irudi. Sukari ikizidi kwenye damu miaka mingi, inanata kwenye nyuzi hizo, kisha inafunga uzi kwa uzi mpaka zinakakamaa. Chembe zinazokuja kuziba jeraha hazipati pa kushika vizuri, mishipa midogo inapitisha damu kwa shida, na neva zinakufa ganzi. Nikamwambia mimi ni dobi, hiyo naijua: ni kola iliyozidi wanga, inasimama wima lakini ukiikunja inakatika. Akacheka. Mama akadakia kwamba kumbe miaka yote ametiwa wanga kama shati la karani, na ofisi hajapewa.

Sasa dada, kaa chini. Uliandika kwamba umelia kwa sababu viatu ulivyomtumia ndivyo vilivyomtia kidonda. Ndivyo nilivyowaambia watu wote, na muuguzi akaandika hivyo kwenye kadi. Si kweli. Mama alivivaa siku moja tu, akarudi akisema miguu imechoka. Nikamchemshia maji ya kuikanda. Niliyapima kwa mkono, nikaona vuguvugu. Mikono yangu hii, dada, inayotoa mashuka kwenye pipa la maji ya moto tangu nikiwa msichana. Mama akatia miguu, akanishukuru, akawa anamwimbia mtoto. Hakuhisi kitu. Niliona mimi, wakati namfuta, ngozi ikibaki kwenye taulo.

Juzi nilimwambia mwenyewe. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nasubiri uchoke kuubeba mzigo huo."

Nimechoka, ndiyo maana naandika. Muuguzi naye nimemwambia, na kadi imesahihishwa. Kidonda kilikuwa kama kifuniko cha soda, sasa ni kama kifungo cha koti. Usinifariji. Ila usiache tena kumtumia mama vitu kwa kujilaumu, maana kosa halikuwa lako hata siku moja.

Wasalimie shemeji na watoto, wabusu mmoja mmoja.

Mdogo wako.

Tunavyohitaji bado:
Bandeji za pamba zile pana, roli sita.
Vijiti vya kupimia sukari, boksi mbili.
Soksi nyeupe zisizobana, ili damu ikitoka nione.
Kipimajoto cha maji, hata kile cha kuogeshea watoto.
Na viatu vingine kama vile vile, namba moja juu kwa ajili ya bandeji. Mama anasema rangi usibadilishe.