Begi Alilolichagua Dada Yako

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa shemeji yangu,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakitibu kwa kukidharau, kama kawaida yako? Sisi huku wazima. Watoto wanakua, viatu vinawabana kila nikigeuka, na mimi naendelea kunyoa vichwa vya watu kwenye kibanda changu kilekile karibu na stendi. Hatuna la kulalamikia ila wewe kukaa kimya.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli dada yako amepanda lile jabali, au ni maneno ya watu. Ni kweli, shemeji. Siku nne ukutani, na kulala huko huko akining'inia kama nguo kwenye kamba. Siku ile sikuweza kukueleza vizuri kwa sababu alikuwa amekaa pembeni, ananikodolea macho nisimsifu. Leo yuko zamu wodini, anazalisha wake za watu, kwa hiyo nitamsifu hadi nichoke.

Nianze na begi, maana hapo ndipo nilipomwona mke wangu kwa jicho jingine. Watu wa safari hizi hawapandi na mzigo mgongoni. Maji, chakula, mifuko ya kulalia, vyote vinatiwa kwenye begi moja kubwa. Wao wanatangulia, wakifika pa kusimama wanafunga kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, kisha wanalivuta begi kwa kamba. Likipasuka njiani, wamebaki na mate yao tu.

Basi tukaenda dukani, mimi, yeye, na mwenzake wa kupanda, yule mwalimu wa hisabati tunayemwita Kobe kwa sababu hata moto ukiwaka atatafuta kwanza viatu vyake. Mimi nikapenda begi moja la buluu, shemeji, zuri kweli. Lina mifuko kila upande, mikanda, zipu, na kitanzi cha kutundikia kikombe. Nikasema, "Mama, hili hapa! Hata kitana kina mahali pake."

Akalitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedanganya. "Kila unachokipenda hapo, mwamba nao utakipenda. Utakishika na hautakiachia."

Akachagua jingine, la kijivu, limekaa kama pipa, laini nje, halina mfuko hata mmoja. Kitambaa chake kizito kama turubai la lori. Mikanda ya kubebea inafichwa ndani ya kifuniko likianza kuvutwa, na ile ya kuning'inizia imeshonwa ikapita hadi chini ya kitako cha begi. Nikadhani tumemaliza. Wapi! Akamwomba muuza duka alitundike kwenye kulabu ya dari, akalijaza chupa za maji za dukani humo humo, akafumba macho, akatia mkono hadi bega akipapasa chini. Muuza duka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bwana, mama anatafuta nini?"

"Hata mimi nasubiri kujua," nikamjibu.

Kumbe alikuwa anapima kama mkono wake unafika kitakoni, maana kule juu hakuna kulimwaga begi sakafuni. Kwenye hilo mkono haukufika, lilikuwa refu mno. Akataka saizi ya chini yake. Kobe akahofia litakuwa dogo, na mkilazimika kufunga vitu kwa nje mmejitafutia balaa. Wakapiga hesabu ya maji yao upya, wakalipakia na kulipakua mbele ya wateja wote, hadi wote wawili wakaridhika. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha kukunja cha dukani humo, najisikia fahari.

Sasa nikueleze kilichotokea. Nilipiga hema langu chini ya jabali, nina darubini na redio ndogo ya mawasiliano. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, alasiri, wakiwa juu kiasi cha kuonekana kama sisimizi, begi likakwama chini ya jiwe lililochomoza kama ukingo wa paa. Wakavuta, likagoma. Mawingu nayo yakaanza kujikusanya.

Nikamsikia Kobe redioni, sauti yake imebadilika. "Tuliache. Tushuke tukiwa bado tunaona."

Kulikata ni kuyaacha maji na matandiko yote, na safari waliyoifanyia mazoezi miaka miwili imeishia hapo. Lakini kung'ang'ania huku mvua inakuja ni kuhatarisha maisha. Shemeji, mimi niliomba washuke. Nilibonyeza kitufe nimwambie, nikakiachia.

Dada yako akasema, "Nipe muda kidogo. Tusipoweza, tunashuka." Akajifunga kamba nyingine, akateremka mwenyewe hadi kwenye lile jiwe, akaegemeza miguu ukutani, akalikumbatia begi. Kobe kule juu akaanza kuvuta. Hapo ndipo nilipousikia redioni ule ukali wa dada yako wa wodini:

"Usivute! Usivute kwanza! Legeza, nimgeuze!"

Nakuapia, alisema "nimgeuze". Kobe akalegeza. Yeye akaligeuza taratibu kwa bega, akalisukuma nje kwa goti, akasema, "Haya, sasa. Polepole. Njoo, mama, njoo." Begi likachomoka, likapanda likikwaruza mwamba. Mimi huku chini nilikaa kwenye majani.

Mvua ilinyesha kweli usiku ule. Walilala kwenye kitanda chao cha kuning'inia, wamejifunika, na ndani ya begi hakuna kilicholowa. Asubuhi redio ikalia, "Baba watoto, umekunywa chai?" Nikacheka tu.

Siku ya nne nikazunguka kwa njia ya miguu ya nyuma nikawapokee kileleni. Niliwakuta wamekaa wamelaza migongo kwenye begi. Kobe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Dada yako vidole vilikuwa vimevimba hata kufungua chupa hawezi, nikamnywesha maji mwenyewe. Begi lilikuwa na michubuko mwili mzima, lakini tundu, hakuna.

Akaniambia nije nione walikopita. Unanijua, mimi hata kwenye ngazi ya kubadilishia balbu naomba nishikwe. Nikalala kifudifudi, yeye akanishika mkanda wa suruali kwa mikono ile ile iliyovimba, nikachungulia. Hema langu lilikuwa nukta. Nikasema tu, "Mke wangu."

"Ndiyo," akasema, hakuniachia.

Mama yenu anakusalimu sana, anasema ule. Watoto wanakusalimu, na Kobe pia. Nisalimie mumeo, yule fundi saa mpole, na mkumbatie mwanao kwa niaba yetu. Mungu akuzungushie ulinzi wake, akupe kazi isiyokunyima usingizi, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Ni mimi nikupendaye,
Shemeji yako kinyozi.