Tofali Lisilonata Ulimi

Tata,

Tanuri lako nimeliwasha. Ndiyo, mimi Moraa binti yako, niliyeruhusiwa kukanyaga udongo tu. Wafyatuaji wa hapa bondeni wanasema mwanamke akiwasha tanuri matofali hupasuka, nawe baba yangu hukuwahi kuwakatalia. Leo utanisikiliza.

Matanga yako hayajaisha, kaka Onchari akaleta miche ya mikaratusi. Akasema tanuri limekufa nawe, libomolewe, apande miti. "Nani atachoma, Moraa?" Watu wakacheka, midomo ingali na ugali wa matanga yako! Nilikasirika mpaka machozi yakanikauka.

Nikaenda Tabaka kuwaomba wachongaji wa mawe ya sabuni unga wa mawe yao, ule uliokuwa ukiuchanganya na udongo ili tofali lisinywe maji. Nikafyatua, nikaanika, nikachoma. Halafu haraka zangu! Siku ya tatu nikabomoa mdomo wa tanuri, mvua ya alasiri ikapiga matofali yangali moto. Pa! Pa! Yakapasuka karibu yote. Onchari akasema, "Si tulisema?" Mwanamke wapi! Ni pupa. Uliniambia tanuri halifunguliwi mpaka ukuta wake upoe kiganjani, nami sikungoja.

Nikachoma tena. Safari hii nilingoja siku nane, Onchari akichimba mashimo ya miti hadi ukingoni mwa tanuri. Nilipofungua nikalamba tofali mbele yake, kama ulivyokuwa ukifanya. Ulimi ukinata, halijaiva. Haukunata, Tata! Nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kesho yake nikampa nyundo alivunje mwenyewe. Ndani kavu kabisa. Akalitazama weee, kisha akabeba miche yake akaenda kuipanda kwake mlimani. Hakuomba msamaha, unamjua. Lakini mkewe ameshaniagiza matofali ya jikoni.

Wale waliocheka sasa wanapita njia ya juu kunikwepa. Wapite.

Nimekukosa, Tata. Nikipanga matofali bado nanyoosha mkono nyuma unipe lingine.

Kaburi lako walitaka kulisakafia kwa saruji. Nilikataa. Nimelijengea mwenyewe, kwa matofali yangu, na kabla ya kupanga nililamba kila moja, watu wakinitazama. Jana mvua ya mawe ililaza migomba yote. Nilisimama mlangoni bila wasiwasi.

Nakuahidi, nikiwa hai tanuri hili halitaota mti. Lala pakavu, Tata.

Moraa, mchomaji