Ruhusu, Kataa

Mdogo wangu mpenzi, Chiriku wa nyumbani,

Marahaba. Najua ungeniamkia kabla sijavuta kiti, kwa hiyo naitikia mapema. Huku hatujambo. Goti langu la kushoto linabashiri mvua kuliko redio, na wifi yako analalamika kwamba siku hizi nakoroma kwa lugha mbili. Wewe je, kifua kimepoa? Shemeji na watoto wazima? Nasikia duka lenu la kuchapa kadi limepata mashine mpya. Nimefurahi, ingawa mpaka leo sijazoea kukuwaza ukikata karatasi.

Habari kubwa ya hapa hospitali ni kwamba tunaihamishia seva ya tovuti kwenye toleo jipya. Lile ulilotuachia halitengenezewi viraka tena. Limezeeka kama mimi, ila mimi bado napewa dawa. Mganga Mkuu aliuliza kwa nini tubadili kitu kinachofanya kazi. Nikamweleza kwa mfano, maana miaka thelathini ya kushika chaki haitoki mkononi. Nilimwambia toleo la zamani ni kama ofisi ambayo kila mgeni hupewa karani wake. Mgeni akinyamaza kutafuta miwani, karani naye anasimama anamtazama. Katika toleo jipya karani mmoja husikiliza wageni wengi, na aliyenyamaza hamcheleweshi mwenzake. Asubuhi za kliniki, akina mama mia tatu wanapoomba tarehe kwa simu zao, hapo ndipo tofauti itakapoonekana. Alikiri kwamba nimeeleza vizuri, ila kwa urefu ule mgonjwa angeshapona mwenyewe.

Fundi wetu mpya, binti mwenye haraka za siafu, alitaka tuhame siku hiyohiyo. Nilipomwambia haraka haraka haina baraka, akanijibu kwamba polepole nayo haijawahi kuzima moto. Hata hivyo alikubali tujaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni, na tukashukuru, kwa sababu vipande vya ziada vilivyojengewa toleo la zamani vilikataa kuingia kwenye jipya, ikabidi vijengwe upya.

Kilichotuchelewesha zaidi ni sheria za nani aingie wapi. Zamani uliandika maneno mawili, ruhusu na kataa, kisha ukataja lipi litangulie. Toleo jipya limeyaacha hayo; linataka sentensi moja tu inayosema anahitajika nani. Kipo kipande kinacholiwezesha kuelewa sheria za zamani, lakini ukizichanganya na mpya ni kama kuweka waamuzi wawili kwenye mchezo mmoja. Tukaamua kuandika zote upya. Nikakaa siku nne katika kile chumba chako kando ya stoo ya mashuka, nikisoma mstari baada ya mstari.

Siku ya tatu nilifika kwenye folda ya majibu ya maabara. Ndiyo, ile iliyokaa wazi siku tisa, miaka sita iliyopita, watu wa nje wakasoma siri za wagonjwa, nawe ukaitwa mbele ya kamati na kuondolewa kazini. Kwa kuwa sheria za folda ile zilibadilishwa mara nyingi baada ya hapo, binti alifungua nakala za akiba tuone ilivyokuwa mwanzo. Katika nakala ya kabla ya balaa, uliandika ruhusu, kataa, na chini yake ukaziruhusu mashine za hospitali pekee. Neno la mwisho ndilo linalomhukumu asiyetajwa, kwa hiyo kwa mpangilio huo anabaki nje. Katika nakala ya wiki iliyofuata maneno yamegeuzwa: kataa, ruhusu. Kwa mpangilio huo, asiyetajwa anaingia. Binti alicheka, akasema aliyefanya hivi alidhani anafunga mlango, kumbe ameung'oa.

Mimi sikucheka. Juu ya maneno yale kulikuwa na maelezo: "Kwanza tufunge, kisha tuwafungulie wenyeji." Herufi kubwa mwanzoni, mkato katikati, nukta mwishoni. Wewe hujatia nukta tangu darasa la pili.

Ni mimi, mdogo wangu. Nilipostaafu ualimu ulinipa nenosiri nikusaidie kusahihisha tahajia za matangazo ya tovuti. Nikaliona faili lile, nikaona maneno yako hayana mantiki, nikayasahihisha kama insha ya mwanafunzi. Wala sikukuambia. Nani huaga anapong'oa kosa la herufi?

Lakini hilo ni nusu ya kosa. Ulipoiambia kamati kwamba jina lako ndilo lililo kwenye kazi ile, kwa hiyo kosa ni lako, mimi nilikuwa kwenye benchi la nje. Lilinipitia wazo kwamba nami niligusa pale. Nikaliambia lipite, nilisogeza maneno mawili tu. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Kisha nikapewa kiti chako, nikakikalia. Na mwaka jana nilipokuomba unisaidie, ukasema huiamini tena mikono yako, nilikujibu "pole". Pole!

Jana nilimpelekea Mganga Mkuu nakala zote mbili. Alisoma, akavua miwani, akauliza kwa nini nisiliache jambo hili lilale. Nikamwambia kwa sababu dada yangu anakata kadi. Kamati itaniita Alhamisi. Litakalokuwa na liwe. Barua inayokusafisha Mganga Mkuu ameshaitia sahihi, na imo kwenye jalada lako. Nakala yake ni karatasi ya pili humu.

Karatasi ya tatu ni sheria mpya ya folda ile, aliyoiandika binti. Amesoma kazi yako yote, akaniuliza nani aliandika kwa usafi hivi, na sasa anakataa kuihamisha folda mpaka uikague wewe. Sikuharakishi kunisamehe, ukikawia nitangoja, na ukikataa nitaelewa. Ila usiishuku tena mikono yako. Haikukosea.

Mbusu kila mtoto mara mbili, na umwambie shemeji bado nina bisibisi yake. Wifi yako anakukumbatia, na anasema barua hii nimeiandika mara tano.

Ni mimi, anayekupenda na ambaye hatakusahihisha tena bila kuuliza,

Kaka yako