Stendi Niliyoichukua Ijumaa Jioni

Mpendwa Baba Akinyi,

Ungekuwa hapa ungeniambia nipunguze maneno. Leo sipunguzi. Barua hii ni yako, lakini nimemwomba mzee wa kanisa aisome kwa sauti mbele ya watu wote hapa Suna, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia nyumbani kwetu likaishia midomoni mwao. Wasipolisikia wao, nitakuwa nimekuandikia bure.

Nianze na pikipiki yako. Miaka hii ya tisini ilipoanza, ulikuwa bwana mifugo, ofisi Homa Bay, nyumba Suna, na wiki nzima ulikuwa njiani kuchanja ng'ombe wa watu na kuwasaidia walioshindwa kuzaa. Uliinunua ikiwa kuukuu. Haikuwa na stendi ya katikati, ilikuwa na kale kamguu ka ubavuni tu. Kila ulipotaka kutoa gurudumu la nyuma uliipandisha juu ya kreti ya soda, ukaikazia kwa mawe mawili, nami nikipita na ndoo ya maji nilikuwa nabana pumzi.

"Siku moja hii kitu itakuangukia," nilikuambia.

"Min Akinyi," ulisema, ukiniita mama wa Akinyi kwa lugha yetu, "wewe unaogopa hata kivuli cha jogoo."

Lakini nilikuchosha mpaka ukakubali tutafute kitu cha kuinulia. Mimi nikishika jambo siliachi, unanijua. Tukaanza kuchagua kana kwamba tunamtafutia Akinyi mchumba. Kwanza ulienda Kisumu ukaona dukani ile meza ya chuma inayopanda ukiikanyaga kwa mguu, ukarudi, na nilipokuuliza bei ukasema tungeuza ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake na bado tungeongeza kuku. Hiyo tukaiacha. Halafu ukasikia kwamba gereji moja ya malori ya miwa kule Awendo inauza cheni ya kuinulia injini, imetumika lakini nzima. Hiyo uliipenda kabisa. Ulikaa mezani ukachora namna utakavyoifunga kwenye boriti ya sebule.

"Unataka kuning'iniza pikipiki kwenye boriti iliyoliwa na mchwa, watoto wangu wakiwa chini yake?" nilikuuliza.

"Nitaweka boriti mpya."

"Boriti mpya, ukuta wa zamani. Hapana."

Ulicheka, lakini nilijua umeumia kidogo. Mimi nilitaka stendi ya kuchomelewa na Fundi Owino. Alikuwa rafiki yako, mlisimama bega kwa bega kwaya ya kanisa, wewe sauti ya nne, yeye ya tatu, na chuma chake Suna nzima ilikijua. Alipima pikipiki yako kwa kamba, upana chini ya injini, urefu toka ardhini, akasema atatengeneza fremu ya chuma, jeki ya gari ikae katikati, na miguu miwili ya kufungia ili jeki ikichoka fremu isishuke. Ulimuuliza maswali mengi mpaka akakuambia, "Osiepna, kwani unanunua ng'ombe?" Osiepna, rafiki yangu. Hakukuita kwa jina lingine miaka yote ile.

Wewe ulikuwa na njia yako ya kupima vitu. Meza, kitanda, hata uzio wa ng'ombe, uliusukuma kwa nyonga ukasikiliza. Ulisema kitu kilichotengenezwa vizuri, ukikisukuma, hakisemi neno. Nilikuwa nikikucheka. Sasa hata mimi nafanya hivyo.

Basi Ijumaa ikafika. Ulikuwa unarudi jioni kutoka Homa Bay, na mimi nilitaka uikute stendi uani, uone kwamba Mama Akinyi aliposema stendi hakukosea. Huo ndio ukweli, nilitaka kushinda. Nilifika kwa fundi jua limeshuka sana, na mnajua nyote mnaosikiliza, jua likitua Sabato imeingia na hakuna Msabato anayeshika chombo cha kazi. Fundi Owino alikuwa tayari anakusanya vifaa vyake.

"Mama Akinyi, huu mguu mmoja nimeushikisha tu kwa nukta mbili," aliniambia. "Sijauchomelea. Iache hapa, Jumapili asubuhi nitamaliza."

"Baba Akinyi anarudi leo. Acha aione tu."

Alitazama jua. Alinitazama mimi. Akasema, "Chukua basi. Lakini mwambie asiweke kitu juu mpaka nije mimi Jumapili."

Nikasema sawa. Nikaipakia kwenye mkokoteni.

Ulifurahi, Baba Akinyi. Uliizunguka mara tatu na taa mkononi, na ukaniambia mbele ya watoto kwamba mimi ndiye niliyechagua vizuri. Ningesema wakati ule. Neno lilikuwa mdomoni, lakini ningelisema ingekuwa nimekuletea stendi nusu, na nilikuwa bado naonja ile sifa. Sabato nayo tuliipitisha bila kuzungumza habari za kazi, kama ilivyo desturi yetu, nami nikajificha ndani ya desturi. Nikajiambia nitasema jua likitua. Likatua, wageni wakaja, nikalala. Jumapili niliamka mapema nikaenda sokoni na mizigo yangu ya mitumba, nikijua kwamba fundi atakuja na atakuambia mwenyewe.

Wewe uliamka kabla yake. Watoto walisema ulipandisha pikipiki, ukafunga ile miguu, ukalegeza jeki, ukaingiza mkono wa kulia chini ya injini kufungua nati ya oili. Hukuisukuma kwa nyonga. Kitu cha Owino hukuona haja ya kukipima. Ule mguu wa nukta mbili ukaachia, na pikipiki yote ikashukia mkono wako.

Mkono ule ndio uliokuwa ukiingia tumboni mwa ng'ombe kumgeuza ndama. Vidole vitatu havikukunjika tena. Wakakupa kazi ya mezani ofisini Homa Bay, ukajifunza kupiga mihuri kwa mkono wa kushoto, na wafugaji waliokuja kukuita uwaendee bomani uliwaelekeza kwa kijana mwingine. Hukulalamika. Jioni ulikuwa ukikaa uani umeuweka ule mkono juu ya goti, na mimi nikikuletea chai nilikuwa naweka kikombe upande wa kushoto.

Uliniuliza mara moja tu. Ilikuwa hospitalini, siku ya pili, bandeji imefika kwenye kiwiko.

"Min Akinyi, fundi alikuambia chochote kuhusu ule mguu?"

Nikasema, "La. Alisema iko tayari."

Hukuuliza tena. Uligeuza uso ukutani, na mimi nilidhani ni maumivu ya mkono.

Hukumshtaki Owino popote. Ulisema sentensi moja, nje ya kanisa, walipokuuliza: "Sikutarajia hivyo kwa Owino." Hapa Suna hiyo ilitosha. Mageti yakapelekwa kwa fundi mwingine, na baiskeli zikafuata. Alikuja nyumbani kukuona, ukamwambia karibu chai, bila kumtazama machoni. Yeye alinitazama mimi. Nilikuwa nachambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Alisubiri, Baba Akinyi, alisubiri nifungue mdomo, na mimi nikaendelea kuchambua omena kana kwamba humo imepotea dhahabu. Alikunywa chai yake, akaaga. Kwaya ikabaki na pengo, halafu mapengo mawili, kwa sababu na wewe uliacha kuimba. Mwaka uliofuata alihamia Sori, akawa anachomelea nanga na matangi ya wavuvi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka sita. Mara nyingi nilitaka kukuambia. Nilitaka ulipokuwa mzima, nikaogopa utaniacha. Nilitaka ulipoanza kuugua, nikaogopa utazidiwa. Mwishowe uliponishika mkono kwa ule mkono wako mbovu, ukaniambia nimekuwa mke mwema, nililia sana, na wote waliokuwepo wakasema, tazameni jinsi anavyompenda. Nilikupenda. Lakini sicho nilicholilia siku ile.

Kwenye mazishi Owino alikuja. Alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio, na nikamsikia mtu akinong'ona kwamba huyu naye amethubutu. Nikiwa nimeketi kando ya jeneza lako, bado sikusema kitu.

Jumatatu iliyopita nilienda Sori. Nilimkuta kando ya ziwa ameinama kwenye tangi. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti na sikukitaka.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hayo nayajua," akasema. "Nilikuwepo."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambiaje mtu aliyelala na mkono umevunjika kwamba mkewe ni mwongo? Ilikuwa kazi yako wewe. Nilikungoja."

Kisha akaniuliza kitu kimoja. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Alikufa bado anaamini ni mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Baba Akinyi. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Swali lile sikuwa nimejiandaa nalo. Ningeweza kumpa uongo mwingine, mzuri, wa kumtuliza. Nikamwambia, ndiyo. Alikufa anaamini ni wewe, Owino. Akaketi chini kwenye mchanga, mtu mzima yule mwenye mvi, akalia kwa sauti, na wavuvi wakageuka kutazama.

Basi sikieni, ndugu zangu mlioketi hapo. Fundi Owino hakukosea. Aliniambia mguu haujachomelewa na nikamsikia. Aliyeumiza mkono wa mume wangu ni mimi, na aliyewanyang'anya wale wawili urafiki wao ni mimi pia. Mnaotaka kuninyima salamu mlangoni, mna haki.

Na wewe, baba wa watoto wangu, nisamehe, ingawa najua siwezi kupewa jibu. Owino ameniomba ruhusa ya kuja nyumbani kwenu Awendo, tulikokuzika, Jumapili hii, akae kidogo kaburini kwako. Nimemwambia aje. Mimi nitabaki jikoni na mama yako, niwaache nyinyi wawili. Anasema ana mambo ya kukueleza. Kanisa letu linafundisha kwamba aliyelala hasikii, na Owino ni mwalimu wa fundisho hilo hilo kule Sori. Anakuja hata hivyo.

Pumzika, mpenzi wangu, mpaka siku ile utakapoamshwa.

Mkeo,
Mama Akinyi