Kumi na Tisa Haipo Njiani

Mjukuu wangu Mkamburi,

Huku Voi tu wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Umeniuliza kuimba "nne, nane, kumi na mbili" kuna faida gani.

Baba yangu, ambaye hakuingia darasani, alikuwa akikaza bolti za reli upande wa Maungu. Reli zilipoungana palikuwa na bolti nne, naye aligonga kila moja kwa nyundo. Siku moja nilimpelekea chakula, nikahesabu milio. Baada ya maungio matano nikasema, "Kumi na tisa."

"Ukienda kwa nne, kumi na tisa haipo njiani."

Nilingoja anicheke. Akarudi nyuma juani, akipapasa moja moja, hadi akapata bolti iliyolegea, ambayo nyundo haikuigusa.

Treni ilipopita salama akaniambia, "Wewe ulihesabu sawa. Mimi ndiye niliyeruka."

Nyanya yako