Mfumaji, Padri na Neema Wangu

Jumatatu, 21 Oktoba
Nimetoka kwaya, miguu inauma. Jumapili ni Sikukuu ya Matengenezo, siku yetu Walutheri ya kumkumbuka Luther, na Neema wangu ndiye atakayesoma mbele ya kanisa. Mtaa wetu mzima wa Sekei, mtoto gani mwingine anasoma historia chuo kikuu? Mimi nimeishia la saba, lakini kichwa kile ni changu, baba yake asijisifu. Ameandika habari za kijiji kimoja cha Uingereza, zamani sana. Malkia Mkatoliki alimchoma moto mfumaji wa nguo, Mprotestanti, kwa ajili ya imani yake. Malkia akafa, akatawala mdogo wake, Mprotestanti. Huyo naye akamnyonga padri aliyesoma misa kwa siri. Kijiji kilekile. Na wale malkia baba yao mmoja! Nimelia.

Jumatano, 23 Oktoba
Nina hasira. Mzee Elibariki, mzee wetu wa kanisa, anataka mfumaji abaki, padri atolewe. "Mama Neema, siku hii ni yetu. Wao wana za kwao." Wao! Wao ni mume wangu, Mkatoliki wa Rombo. Neema amekataa kusoma nusu. Mbishi. Huo ubishi nao ni wangu.

Ijumaa, 25 Oktoba
Mchungaji anasema niongee na wazee. Wazee wanasema niongee na mchungaji. Nazungushwa kama mpira. Neema ameshaondolewa kwenye ratiba. Sawa. Nitatoa sadaka ya shukrani. Mwenye shukrani hupewa kipaza sauti aeleze anashukuru nini. Hajawahi kunyimwa mtu.

Jumapili, 27 Oktoba
Nimeenda mbele na mkungu wa ndizi na binti yangu. Nikasema namshukuru Mungu kwa Neema, sasa mwenyewe asome. Kwa mfumaji wakasema amina. Alipofika kwa padri, Mzee Elibariki akaanzisha pambio, kama wanavyomkatiza mtu anayeongea sana. Kanisa zima likaitikia. Sauti ya mtoto ikazama. Na mimi, aibu gani hii, nilishadaka sauti ya pili kabla sijajua naimba. Neema aliniona.

Jumatatu, 28 Oktoba
Sijaenda kwaya. Jioni Neema amemsomea baba yake jikoni, yote. Kwa padri, baba yake akafanya ishara ya msalaba. Kisha akauliza yule mfumaji aliacha watoto wangapi. Neema akasema hakuna aliyeandika. Baba yake akamwambia, "Basi soma tena, mama, toka mwanzo." Nimezima jiko. Nimekaa kusikiliza.