Kamionete Tuliyoipima kwa Mguu wa Emile

Avenue ya Sita, Mangobo,
Stanleyville.
Jumapili ya Pentekoste, 9 Juni 1957

Mpendwa mdogo wangu Célestin,

Pokea salamu za nyumba nzima kutoka hapa Kisangani. Hujambo? Kazi inakwendaje, na baridi ya huko Élisabethville inakutendeaje? Mama anauliza kama lile blanketi la bluu bado unalo, na kama unalo, kwa nini hukulitaja katika barua yako ya mwisho. Namwambia mtu hataji blanketi katika kila barua, hanisikii.

Sisi wazima. Mama yetu Alphonsine amepona kifua. Dada yetu Delphine bado anauza samaki wa moshi, na sauti yake sokoni haijapungua hata kidogo. Papa yetu Valère anaendelea kuvua kwenye maporomoko, ila siku hizi akipanda juu ya miti ya mitego anapanda polepole, na akishuka anajifanya hakuchoka.

Sasa neno lenyewe. Gari tumenunua, na dereva wake ni wewe. Nalisema mapema usije ukasoma barua nzima ukijiuliza nazunguka kwenda wapi.

Najua ulivyoniandikia mwezi wa pili, eti tutafute mtu mwenye miguu miwili. Barua ile iliniudhi, Célestin. Niliikunja nikaitia chini ya meza ya useremala, nikapiga randa mchana kutwa. Goti lako la kushoto ndilo lililokataa kukunjika. Macho yako na mikono yako havina neno. Kabla hujaanguka pale kwenye maji uliendesha lori la mchele miaka mitatu, na hukukanyaga hata kuku wa mtu. Tajiri aliyekufukuza baadaye alikuwa na haraka zake, mimi sina.

Nikueleze tulivyochagua, maana fundi wa magari ni wewe, na nikikosea utanicheka.

Tulitaka gari la kazi, si la kwenda kupigia picha. Siku za juma libebe mbao zangu na saruji, siku ya soko lipeleke samaki wa Delphine mpaka Bengamisa na kurudi na mchele na mawese. Lori kubwa tuliliacha mapema. Lingekwenda nusu tupu na petroli lingekunywa yote.

Halafu kulikuwa na kamionete moja mpya ya bluu, gari dogo la mizigo, inang'aa usoni mpaka unajiona meno. Delphine aliizunguka mara tatu, akajiona tayari ameketi ndani na kitambaa chake cha sikukuu. Papa yeye alichuchumaa akatazama chini yake. Akasema, "Hii iko chini sana. Kwa mbao za bac itaacha tumbo." Na ni kweli. Unazikumbuka zile mbao mbili za kupandia kivuko, maji yakipungua zinavyosimama wima kama ngazi. Delphine alinuna mpaka jioni.

Tuliyonunua ni ya kijivu. Ilikuwa ya shamba moja la kahawa, na rangi imechubuka milangoni. Nililala chini yake saa nzima. Springi zake ni nene, hakuna chuma kilichounganishwa kwa waya, na matairi yake ni ya kipimo kinachouzwa kila duka. Sanduku la nyuma ni la mbao. Nililigonga kwa vidole nikakuta mbao mbili zimeoza, lakini kwangu mbao mbili ni kazi ya asubuhi moja. Tukapakia mifuko kumi na miwili ya saruji, ikashuka vidole vitatu tu.

Lakini hayo yote mtu yeyote angeyatazama. Mimi nilikuwa na langu. Mwaka juzi uliniandikia kwamba katika gereji yenu kuna gari la zamani unaloliendesha uani, kwa sababu kiti chake kinarudi nyuma sana, mguu unanyooka, na ile pedali ya kushoto unaikanyaga kwa nguvu za paja. Ulidhani nimesahau. Nikasoma mstari ule tena, kisha nikaenda kwa Emile.

Emile mshonaji, yule rafiki yako mliyekuwa mnaazimana suruali, hajapungua urefu. Nilimchukua mpaka dukani kwa Mgiriki muuza magari. Nikamwekea vijiti viwili kwenye mguu wa kushoto, mbele na nyuma ya goti, nikavifunga kwa kamba za msituni, kwa fundo lile lile tunalofungia mitego. Mguu ukawa mgumu kama wako. Mgiriki alitoka ofisini mbio.

"Bon, munanunua kamionete ao munafunga mutu?"

"Patron, acha," Emile akamjibu, "niko napima suruali."

Kwenye ile ya bluu kisigino kilikwama mlangoni, hakuingia hata ndani. Kwenye ya kijivu aliingia kwa mgongo, akajizungusha, mguu ukafuata. Kiti ni benchi moja pana linaloteleza. Tulilisukuma nyuma mpaka mwisho, nikamwambia akanyage. Akakanyaga mara ishirini, mimi nahesabu, na kila mara pedali ilifika chini. Célestin, nilifurahi mpaka nikamkumbatia Mgiriki.

Papa alikuwepo. Nilipoanza kufunga yale mafundo kwenye goti la Emile, alitoka nje akasimama barabarani, ametupa mgongo. Wewe na mimi tunajua. Jumapili ile uliyoanguka ni yeye aliyekuita uje kumsaidia kufunga mti wa juu, na tangu siku hiyo hajawahi kulizungumza. Jioni, tulipokuwa tunakula, alisema tutafute dereva mwingine. Nikamwuliza kwa nini, wakati ameona kwa macho yake kwamba gari linakufaa. Akasema, "Nilimuita mara moja. Inatosha."

Lakini dereva wa Mgiriki alipotuletea kamionete uani, mimi na Emile tulikirudisha kiti nyuma mpaka mwisho, tukazikaza nati kwa nguvu zetu zote. Mimi mfupi wa ukoo nikikaa pale, miguu inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Cheka tu.

Alhamisi Papa akaleta dereva wake, mtu wa Kabondo, mpole, na kazi anaijua. Akapanda, akanyoosha mguu, hakufika. Akajivuta mbele mpaka kifua kinagusa usukani, ndipo vidole vikagusa pedali. Akateremka, akaomba spana asogeze kiti. Nilijiona nimeshindwa. Spana ilikuwa juu ya meza yangu, Papa akaenda kuichukua mwenyewe. Alirudi nayo mpaka mlangoni mwa gari, akakitazama kile kiti muda mrefu. Halafu akamgeukia yule mtu.

"Unisamehe, baba. Hii kiti iko na mwenyewe."

Akaitia spana mfukoni mwa koti. Yule dereva alipewa samaki wawili wakubwa wa kwenda nao nyumbani, akaondoka bila kuelewa.

Kwa hiyo gari limesimama, na hakuna wa kuliendesha. Delphine anapiga kelele kwamba samaki wake wanazeeka. Mbao zile mbili zilizooza nimekwisha kuzibadilisha. Ndani ya barua hii utakuta leseni yako ya udereva. Mama alikuwa ameificha ndani ya sanduku lake miaka yote hii, akanipa jana. Aga vizuri hapo gereji. Ukifika Kindu panda meli mpaka Ponthierville, kisha treni. Niletee habari ya siku ya kufika, nitavuka mto nikungoje steshoni upande wa pili. Usiniandikie tena habari za miguu miwili.

Micheline mke wangu na watoto wanakusalimu. Delphine anakusalimu na kukuharakisha. Emile anasema suruali ya dereva ameanza kukukatia, kwa kipimo chake mwenyewe. Mama anasema uje na blanketi.

Papa naye anakusalimu. Nilimwuliza nikuandikie neno gani kutoka kwake, akasema atafikiri. Leo kwenye misa, alipopiga magoti, spana ilimtoka mfukoni ikaanguka sakafuni, kanisa zima likageuka. Aliiokota mbele ya watu wote, akaifuta kwa mkono, akairudisha mfukoni.

Mungu akulinde kwenye reli na kwenye maji, akufikishe kwetu mzima.

Mimi yaya wako, kaka yako mkubwa, ninayekupenda na kukungoja,

Théodore